Moja, Nne, Mbili, Tano, Tatu

Waya huu hauuzwi tena.
Nilimuuliza Petrie, dukani kwake kule Lochee,
akacheka hadi miwani ikamteleza:
"Mama, hata mimi siuzwi tena."

Basi nikanunua mita mbili za waya wenye ngozi ya shaba,
jeki tatu, plagi moja ya mviringo,
na risasi ya kulehemu ya pauni nne na peni thelathini,
nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kwa Effie Geddes,
mvua ya Dundee ikinifuata mpaka mlangoni
kama mdai.

Effie ana kaseti moja,
ubavuni mwandiko wa marehemu mumewe.
Kompyuta ni ileile ya mwaka themanini na nne,
vibonye vimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Kinasa sauti kipo. Televisheni ipo, nzito kama jiwe la kusagia.
Kilichopotea ni njia kati yao.
Mashine zimekaa meza moja miaka thelathini na nane
kama ndugu waliogombania urithi,
kila moja na lake moyoni.

Plagi ina pini tano, zimejipanga nusu mwezi,
namba zake ndogo kama mayai ya chawa:
moja, nne, mbili, tano, tatu.
Nikafuta miwani. Moja, nne, mbili, tano, tatu.
Nani alihesabu hivi, na wenzake wakamwacha?
Mimi niliyefunzwa hesabu kwa fimbo
ningechapwa palepale kwenye nne.

Na hivyo ni ukitazama kwa nyuma, upande wa kulehemu.
Kwa mbele, kushoto ni kulia.
Nikasahau.
Nikalehemu pini tatu kwa ustadi mkubwa,
zikang'aa kama meno mapya,
zote upande usio wake.

Nikazifumua.
Sikio na pini yake, mdomo na pini yake,
na ile jeki nyembamba inayoamuru mota: zunguka, simama.
Ngozi ya shaba nikaisokota iwe uzi mmoja,
nikaipeleka pini ya katikati, ambayo mafundi huiita ardhi.
Kila kitu lazima kiguse ardhi mahali fulani.
Nimeishi ng'ambo miaka ishirini na sita,
hilo sihitaji kuelezwa.

Nikamaliza. Nikapuliza. Nikainua kazi yangu kwenye taa.

Kifuniko!
Kifuniko cha plagi kimelala mezani,
kilipaswa kuvishwa waya kabla ya yote,
na sasa hakipiti hata kwa dua.

Nikatukana kwa Kiswahili, kwa heshima ya mwenye nyumba.
Effie akaelewa neno kwa neno.
"Nipe," akasema.
Mikono ile inayomwaga chai kwenye kisahani,
iliyoshinda miaka kumi na mmoja kwenye meza ya kiwanda,
ikashika chuma cha moto, ikatulia.
"Usiyeyushie risasi kwenye chuma, mwanangu.
Ipashe pini. Pini ikiwa tayari, itaiita yenyewe."
Moshi mwembamba, harufu ya utomvu.
Pini tano, dakika nne.
Kifuniko alikivisha kwanza,
na alinitazama mimi wakati anakivisha.

Tukabonyeza.
Mluzi mrefu, kisha kelele za changarawe kwenye ungo.
Mota ikasita, ikaenda, ikasita.
Chai ikapoa bila mtu.
Dakika ya sita kioo kikajaa herufi:

gesi, maziwa, viatu vya Rhona,
bima, rangi ya mlango, gesi tena,
na chini kabisa, Januari ya themanini na saba,
Lachlan aliandika anachodaiwa:
Effie, pauni mbili.

Nilidhani atalia.
Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.
"Mjinga yule," akasema,
"zilikuwa tatu."